Mahakama ikimwamuru ndugu yako aende kwa mnasihi kwa kumtesa mnyama

Mpwa wangu alimpiga mbwa teke, akamvunja mbavu mbili. Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo, mweupe, hafiki kilo saba, wa kijana waliyepanga naye nyumba hapa City Heights, San Diego. Nimeiandika sentensi hiyo bila kuipamba kwa sababu kuifikia kulituchukua miezi mitano, mimi na yeye. Karibu kila ninachotaka kukueleza hapa ni namna ya kuifikia mapema kuliko tulivyoifikia sisi. Yeye mwenyewe amesoma haya na ameniruhusu niyatoe.

Ilikuwa hivi. Alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku ghalani, akakuta mbwa amekojolea mswala wake. Mwenye mbwa alipoamka, akamkimbiza kwa daktari wa mifugo na kusema mbwa kaanguka ngazini, maana alitaka kumsitiri mwenzake. Daktari akapiga eksirei. Hapa California daktari wa mifugo akiona dalili za ukatili analazimika kisheria kutoa taarifa. Ofisa akaja kesho yake, akamuuliza yule mwenye mbwa mara ya pili, naye akasema kweli.

Mimi si wakili. Ni dereva wa basi la shule, mzaliwa wa Lamu, na niko huku tangu 2004. Nilichonacho ni mwaka mzima wa kumsindikiza kijana mmoja mahakamani na kwa mnasihi, na daftari nililokuwa nikiandika. Ninayoyasema ni ya California. Majimbo mengine ya Marekani yana sheria zao, kwa hiyo shika karatasi yako mwenyewe mkononi unaposoma.

Kosa lenyewe liko kwenye kifungu cha 597 cha sheria ya jinai ya jimbo. Mwendesha mashtaka anaweza kulifungua kama kosa dogo au kosa kubwa. Likiwa kubwa laweza kufika miaka mitatu gerezani, na faini yafika dola 20,000. Yeye alishtakiwa kwa kosa dogo, akapata mwaka mmoja wa uangalizi (probation, yaani kukaa nje ya jela kwa masharti ya mahakama), fidia ya gharama za daktari wa mbwa, na unasihi.

Huo unasihi si huruma ya hakimu. Kifungu kinasema mtu aliyetiwa hatiani akipewa uangalizi, mahakama itamwamuru agharimie unasihi wa kupima na kutibu mwenendo wake, na aumalize. Tena kinasema wazi kwamba ni nyongeza juu ya adhabu nyingine, si mbadala wa jela. Kwetu Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inajua faini na kifungo. Ndiyo maana dada yangu alipopigiwa simu kule Lamu alisema, "Alhamdulillahi, kaka, kumbe ni kuzungumza tu." Nami nilimwitikia. Sote wawili tulikosea.

Kabla hajakiri kosa

Kama mtu wako si raia wa Marekani, hili linatangulia yote. Mpwa wangu alikuja mwaka 2021 kwa bahati nasibu ya viza, ana kadi ya ukaazi tu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2010 katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja wake iwapo kukiri kosa kutamhatarishia ukaazi. Makosa ya wanyama yamo humo. Mwaka 2018 Baraza la Rufaa za Uhamiaji liliamua kwamba kupiganisha wanyama ni kosa la uovu wa kimaadili, na neno hilo kwa mgeni ni zito kuliko faini yoyote. Kwa hiyo mwambie wakili wako, hata akiwa wakili wa umma mwenye mafaili mia kwapani: "Mimi si raia. Nataka kujua athari za uhamiaji kabla sijakiri chochote."

Hakimu naye atasoma onyo hilo kwa sauti kabla ya kupokea kukiri. Sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa "ndiyo, ndiyo" hata tusipomwelewa. Mfundishe kijana kusema, "Sijaelewa, naomba lirudiwe kwa Kiswahili." Katika kesi ya jinai California, mkalimani wa mahakama ni haki yake na halipiwi.

Soma amri kama unavyosoma hati ya shamba

Tulipotoka mahakamani, kijana alikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni. Nilimwomba anipe, nikaikunjua juu ya boneti la gari pale pale. Angalia ni vipindi vingapi vya unasihi au kwa muda gani; yeye alipewa wiki 26. Angalia kama umepewa orodha ya wanasihi waliokubaliwa, au unajitafutia. Angalia tarehe ya kurudi kuonyesha maendeleo.

Na angalia nani wa kupelekewa ushahidi, kwa sababu hapa wengi ndipo wanapoanguka. Uangalizi wa kosa dogo mara nyingi hauna ofisa wa kukufuatilia. Hakuna atakayekupigia simu. Wewe ndiye unayepeleka barua mahakamani siku iliyopangwa, na usipofika, hakimu hutoa hati ya kukamatwa. Kijana anaweza kuwa amehudhuria kila wiki bila kukosa na bado akakamatwa barabarani kwa sababu barua ilibaki juu ya friji.

Kisha lile ambalo sisi tuliliona tukiwa tumeshachelewa. Kifungu cha 597.9 kinamkataza aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo la namna hii, kwa miaka mitano, kumiliki mnyama, kumtunza, au hata kuishi naye nyumba moja. Kwa kosa kubwa ni miaka kumi. Akivunja, faini ni dola 1,000. Yule mwenzake hakutaka tena kukaa naye, ni haki yake, na kijana akahamia kwangu. Mimi nina mke, na mke wangu, Mama Rukia, alikuwa na paka.

Paka huyo, mweusi tititi, anaitwa Chausiku. Alikuwa na miaka tisa nyumbani kwetu. Tulisoma kile kifungu na wakili mara mbili, hakuna namna. Jioni ya Jumapili Mama Rukia alimtia Chausiku kwenye kikapu chake, akamvusha ukumbi hadi kwa jirani yetu Mfilipino, akarudi na kikapu kitupu. Akakaa jikoni bila kuwasha taa. Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke. Akasema, "Shangazi, samahani." Mke wangu akamjibu, "Usiniombe mimi peke yangu." Kabla hujamkaribisha mtu mwenye amri hii chini ya dari yako, waulize wa nyumbani mwako kwanza, kila mmoja, pamoja na watoto. Mimi sikuuliza. Niliamua kama mjomba.

Kumtafuta mnasihi, na habari ya pesa

Darasa la kudhibiti hasira si kitu kile kile. Kama amri imetaja unasihi, mahakama inaweza kukataa cheti cha darasa la mtandaoni la saa nane, na pesa zako zimekwenda. Uliza mahakamani kabla ya kulipa. Tafuta mtu mwenye leseni ya jimbo, iwe ya saikolojia, ya ustawi wa jamii, au ya unasihi wa ndoa na familia. Jina lake unaweza kulikagua bure kwenye tovuti ya jimbo ya leseni.

Nilipiga simu kumi na moja. Saba walisema hawapokei watu wa mahakama. Wale wanne waliobaki niliwauliza mambo matatu: umewahi kumhudumia mtu aliyeamriwa na mahakama kwa ukatili wa wanyama? Je, unaufahamu utaratibu wa AniCare? Utaandika barua za mahakama kwa wakati, na unatoza kiasi gani kwa barua? AniCare ni utaratibu uliotungwa huku Marekani mwaka 1999 mahsusi kwa watu wazima waliotesa wanyama, baadaye ukapata toleo la watoto. Msingi wake ni mtu kubeba alichokifanya, kisha kujifunza kuhisi kinachompata mwingine. Mmoja tu kati ya wale wanne aliujua. Mama wa makamo, ofisi ndogo, feni inayolia. Tukamchukua.

Bei yake ilikuwa dola 140 kwa kipindi. Kijana alikuwa analipwa kwa saa. Kifungu cha 597 kinairuhusu mahakama kuweka malipo kulingana na uwezo wa mtu, na asiye na kitu aweza kuomba alipe baadaye, lakini lazima uombe. Tulipeleka hati za mshahara za miezi miwili na risiti ya kodi ya nyumba. Tukatoka na bei ya dola 40 kwa kipindi. Medi-Cal, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, hulipia pale tu ambapo mtu ana hali ya afya ya akili inayokidhi vigezo vyao vya matibabu; amri ya mahakama peke yake haitoshi. Usiitegemee hadi upate jibu la maandishi.

Usiwe mkalimani wa ndugu yako

Kipindi cha kwanza nilikwenda kutafsiri. Kiingereza cha mpwa wangu ni cha kazini: inua, weka, lori limefika. Nilidhani namsaidia.

Mnasihi akauliza swali la kwanza, alifanya nini siku ile. Kijana akatazama chini akasema, "Nilimpiga teke." Na mimi, mjomba wake, niliyemshika mkono siku mama yake anajifungua mdogo wake, nikageuka kwa yule mama nikasema kwa Kiingereza kwamba alimsogeza kwa mguu.

Sikupanga. Ulimi wenyewe uliteleza kuelekea kwenye huruma. Mnasihi hakujua Kiswahili hata neno, lakini alimwona kijana alivyoinua uso kunitazama. Akamwomba aseme mwenyewe kwa Kiingereza chake. Akasema neno moja: alipiga teke. Yule mama akanishukuru kwa upole, akaniambia kuanzia wiki ijayo atakuwepo mkalimani wa simu na mimi nitakaa nje.

Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa ikupatie mkalimani bila malipo. Ofisi ndogo ya mtu binafsi huenda isibanwe na sharti hilo, kwa hiyo patana mapema. Mtoto asitumike kabisa. Mjomba, mke, rafiki wa msikitini, wote wasitumike. Atakayetafsiri asiwe na cha kupoteza. Tena taja ni Kiswahili cha wapi, kwa maana maneno yetu ya Lamu na ya Lubumbashi hayafanani yote. Mkalimani aliyepatikana alikuwa mama wa Lubumbashi. Mwanzo kijana alikwama kidogo kwa "imbwa" yake, lakini baada ya wiki mbili wakaelewana vizuri, na huyo mama ndiye aliyeleta jambo kubwa kuliko yote.

Kitenzi na mtendaji

Mnasihi alimwambia kijana aeleze upya, kila wiki, ile asubuhi. Kila wiki alieleza. Na tangu ile wiki ya kwanza ipite, bila yeye mwenyewe kujua, alikuwa hayumo tena kwenye sentensi zake.

Sikiliza maneno yetu. "Hasira zilinipanda." "Shetani alinipitia." "Mguu ulinitoka." "Mbwa akaumia." "Ikatokea bahati mbaya." Kiswahili kina milango mingi ya nyuma, na mtu aliyefanya jambo la aibu anaijua yote. Mkalimani alikuwa akitafsiri haya neno kwa neno, kama kazi yake inavyomtaka, hadi wiki ya sita akaomba ruhusa aseme jambo la lugha. Akamweleza mnasihi kwamba katika sentensi hizi zote kuna mtendaji, ila mtendaji ni hasira, ni shetani, ni mguu. Kijana hajatenda kitu tangu aanze.

Yule mama akachukua karatasi, akapiga mstari katikati. Upande mmoja kijana aliandika sentensi zake kama alivyozizoea. Upande wa pili aandike zile zile, kila moja ianze na "ni-". Nilimwona akiifanya nyumbani kwenye meza ya kulia. Mbele ya "hasira zilinipanda" aliandika "nilikasirika". Mbele ya "mguu ulinitoka" aliandika "nilirusha mguu". Mbele ya "mbwa akaumia" alikaa muda mrefu sana. Chai ilipoa. Akaandika "nilimuumiza", akaifuta, akaiandika tena.

Hili fanyeni, hata mnasihi wenu asipolitaja. Chukueni karatasi. Hamhitaji Kiingereza wala pesa.

Baada ya hapo mambo yakafunguka. Akapewa kazi ya kueleza alichokifanya mbwa. Siyo alichokojolea, alichokifanya baada ya teke. Masikio yalikuwaje, mkia ulikuwa wapi, alitoa sauti gani. Mwanzo alisema hakumbuki. Wiki iliyofuata alikumbuka: mbwa hakukimbia. Alitambaa kumfuata yeye, tumbo chini, mkia umebanwa katikati ya miguu, kama anayeomba radhi. Aliponisimulia hilo ndani ya gari niliegesha pembeni ya barabara ya University, kwa sababu sikuweza kuendesha.

Na mwezi wa tano wa unasihi, kwa kauli yake mwenyewe, akafika hapa: "Nilimpiga kwa sababu nilijua hawezi kunirudishia." Msimamizi wake wa ghalani alikuwa amemfokea usiku ule mbele ya watu. Hakumjibu. Mwenzake wa nyumbani alikuwa na deni lake la kodi. Hakumdai. Alibeba yote hadi kwa kiumbe cha kilo saba.

Mnasihi alimfundisha pia kuusoma mwili wake, na hili ni la vitendo kabisa. Kwake ni meno kukazana na masikio kupata moto. Yakianza, anaweka chini alichoshika, anatoka nje ya mlango, anatembea hadi kona ya duka na kurudi. Akiwa nyumbani hutawadha kwanza. Sio lazima awe ametulia akirudi. Lazima awe ametoka. Aliandika kwenye daftari kila mara ilipotokea: tarehe, kilichomkera, alichokifanya. Daftari hilo ndilo mnasihi alilolinukuu kwenye barua ya mahakama.

Maswali ya nyumbani yatakuja. Je, umewahi kumpiga mpenzi, mdogo wako, mama yako? Umewahi kupigwa? Nani alipigwa mbele yako? Wengi hukasirika hapa, huona wametukanwa. Waambie kuna sababu. Utafiti mmoja wa Massachusetts uliochapishwa mwaka 1999 uliwalinganisha watu 153 walioshtakiwa kwa kutesa wanyama na majirani zao, ukakuta wao walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuwa na makosa ya kutumia nguvu dhidi ya binadamu. Tangu Januari 2016 FBI inahesabu ukatili wa wanyama kama kosa linalojitegemea kwenye takwimu zake, kwa sababu hiyo hiyo. Ajibu kweli. Lakini kwanza amuulize mnasihi: kipi unakipeleka mahakamani, na kipi kinabaki hapa? Kwetu ilikuwa mahudhurio na maendeleo, kwa fomu ya idhini aliyoisaini. Yapo yasiyofichika: mtoto anayedhulumiwa, na tishio la kweli la kumdhuru mtu anayejulikana. Hayo mnasihi ana wajibu nayo kisheria. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini ni vizuri kujua ukubwa wa chumba kabla ya kuvua nguo.

Siku waliponiita mimi

Wiki ya kumi na nne mnasihi aliomba mtu wa familia aje. Nilivaa kanzu. Nilidhani naenda kumtolea kijana sifa.

Akaniuliza, kwenu mnyama akikosea anafanywa nini, na nani alimfundisha huyu.

Lamu mzigo ni wa punda. Kabla ya kuja huku nilikuwa nikichukua mchanga na mawe ya ujenzi kutoka ufukweni hadi juu mtaani, punda wanne, safari kumi kwa siku. Anayejua vichochoro vyetu anajua zile ngazi. Tulikuwa na usemi wetu, punda afe mzigo ufike, na tuliusema kwa kucheka huku tunapiga. Nilikuwa na jike mmoja wa kijivu mwenye kidonda chini ya sogi, upande wa kushoto, upana wa kiganja. Nilijua kipo. Nilikuwa napiga fimbo karibu na kidonda, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa akiitikia upesi.

Baba yangu ndiye aliyempeleka kwenye zahanati ya punda pale mbele ya bahari, ile ya shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, iliyopo Lamu tangu 1987. Hawatozi. Walimwosha kile kidonda, wakamwonyesha mzee namna ya kutandika sogi isisugue. Mzee akarudi akatandika vizuri tangu siku hiyo hadi alipofariki. Mimi niliona ni mambo ya Wazungu.

Na mpwa wangu, akiwa na miaka mitano, alikuwa akipanda nyuma yangu juu ya yule punda. Siku moja alilia anataka kushika fimbo. Nikampa. Nikamwonyesha pa kupiga.

Nilimwambia mnasihi hayo yote kwa Kiingereza, bila mkalimani, na mara hii sikusogeza neno. Kijana alikuwa amekaa kiti cha pili. Akasema, "Nakumbuka ile fimbo, mjomba." Basi.

Kwa hiyo ukiitwa, nenda. Usiende kutetea. Swali wanalouliza linahitaji jibu lako, na kijana hawezi kulijibu kwa niaba yako.

Maneno ya kuacha nyumbani

Wakati mtu yuko kwenye unasihi, sebule yenu inaweza kubomoa kila alichojenga Jumanne kwa mnasihi. Kwetu kulikuwa na matatu. "Ni mbwa tu." "Wazungu wanapenda mbwa kuliko watu." Na "mbwa ni najisi," ambalo lilisemwa na wageni kwa sauti ya kumliwaza, kana kwamba mkojo juu ya mswala ulikuwa hukumu. Niliyaacha yapite miezi miwili. Kisha niliona kijana, kila baada ya wageni kuondoka, akirudi kwenye "mbwa akaumia".

Nilimwendea imamu wetu, nikamwomba aje kula chakula na azungumze. Hakuhubiri. Alimsimulia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia bila kumpa chakula wala kumwachia ajitafutie, na ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Akasema mswala unaoshwa kwa maji, tena maji ya bomba la San Diego yanatosha. Kama mtu wako ni Mkristo, mtafute mchungaji au padri wake. Jambo muhimu ni kwamba dini isiachwe upande wa utetezi.

Mgeni akianza yale maneno siku hizi, mke wangu husema, "Hapa hatuyasemi hayo." Wanamwelewa.

Barua ya kumalizia

Wiki mbili kabla ya kipindi cha mwisho, omba barua. Iwe kwenye karatasi yenye anwani ya ofisi, na iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye kesi, namba ya kesi, tarehe ya kuanza na kumaliza, idadi ya vipindi, namba ya leseni, na saini ya wino. Barua yetu ya kwanza ilikuwa na jina la kijana bila jina la babu, karani akaikataa. Toa nakala mbili. Panda basi namba 7 mapema, nenda mwenyewe dirishani kwa karani, na usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri. Tarehe ya kurudi mbele ya hakimu bado lazima uende, hata kama karani amepokea.

Fidia ya daktari wa mbwa ilipwe kwa njia ambayo mahakama imeagiza, na kila risiti itiwe bahasha ile ile. Kijana alilipa kwa miezi tisa.

Hiyo bahasha itahitajika tena. Sheria inamruhusu kuomba ile miaka mitano ipunguzwe. Atatakiwa aithibitishie mahakama kwamba si hatari kwa wanyama, kwamba ana uwezo wa kumtunza mnyama ipasavyo, na kwamba amemaliza unasihi wote alioamriwa. La tatu tunalo lenye muhuri. La kwanza na la pili anasema hayuko tayari kuyasimamia bado, na nimeacha kumsukuma. Daftari lake analiandika mpaka leo.

Chausiku yuko kwa jirani. Mama Rukia humpelekea dagaa kila Ijumaa, na kijana humfungulia mlango wa ukumbi apite na sahani.